Dhahabu Ambayo Fundi Saa Hakuwa Nayo

Habari ilinikuta kwa kinyozi pale Sekei, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado. Aliyepiga simu alikuwa binti wa marehemu. "Shikamoo. Baba ametutoka alfajiri ya leo," alisema, akaongeza kwamba mama yake ameagiza nifike msibani bila kukosa. Kinyozi alizima mashine akaniuliza kama ni ndugu. Nikamwambia hapana, ni fundi saa wangu. Alinitazama kwenye kioo asielewe mtu mzima anamliliaje fundi saa, na sikumlaumu, maana hakujua kuwa machozi yale hayakuwa ya majonzi peke yake. Mengi yalikuwa ya aibu. Nilimwomba amalize upesi nikaenda nyumbani kutafuta koti jeusi.

Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii huenda wanakumbuka makala niliyoiandika miaka sita iliyopita kuhusu fundi saa wa Arusha mwenye sarafu ya dhahabu ya Mjerumani. Wengi wenu mliipenda. Mhariri aliikata akaibandika ukutani kwake, nami kila nilipopita nilijifanya siioni huku naiona vizuri sana. Leo nawaambia kwamba kiini cha makala ile kilikuwa uongo, na uongo wenyewe niliutunga mimi, si yeye. Nieleze kuanzia mwanzo ili mnihukumu vizuri.

Marehemu alikuwa Mmeru wa miteremko ile ya njia ya kwenda Momela, mwenye migomba na kahawa kidogo aliyoachiwa na baba yake, lakini maisha yake yote ya kazi aliyapitisha mjini, kwenye meza ndogo iliyokaa barazani kwa muuza vitambaa. Jioni alirudi kwake Lemara kwa miguu. Hakuwa mtu wa kupendeka haraka. Ukimwambia utapita saa sita hivi, alikuuliza, "Hivi ngapi?" Ukimwambia saa yako inachelewa kama dakika tano, alitaka ujue kama ni tano au ni nne. Nilimpelekea saa ya marehemu baba yangu, akaifungua, akanisema kwa nusu saa nzima kuhusu vumbi lililokuwa ndani, kana kwamba nililimwaga kwa mkono wangu. Nilianza kupita pale kwa ajili ya saa, nikaendelea kupita kwa ajili ya kugombezwa, maana kazini kwangu kila mtu alinisifu na nilikuwa nimeanza kuziamini zile sifa.

Simu za mkononi zilipoua biashara ya saa, meza yake ilipata kazi nyingine isiyo na malipo. Kwa kuwa alikuwa na mizani ndogo ya kupimia vidani na kile kioo cha kubana jichoni, watu walimletea sarafu kuukuu. Mmoja kaiokota akichimba shimo la kahawa, mwingine kaikuta kwenye kisanduku cha bibi yake. Alizipima, akawaambia ni nini, akawarudishia. Wachache walimwachia, naye akazipanga kwenye kopo la biskuti alilolitenga vyumba kwa vipande vya boksi. Ndipo nilipojifunza mambo ambayo shuleni yalinipita. Kwamba kabla ya Vita ya Kwanza Mwingereza alikuwa na pauni, Mjerumani maki, Mfaransa faranga na Mmarekani dola, na kila mmoja aligonga kichwa cha mfalme wake au alama ya nchi yake, lakini wote walikuwa wamekubaliana bila kupendana kwamba fedha yao ni uzito fulani wa dhahabu. "Wewe unaangalia kichwa," alinigombeza. "Kichwa ni cha kujisifu tu hicho. Weka kwenye mizani uone nani ni nani."

Huku kwetu, alinieleza, ilitembea rupia iliyotoka Bara Hindi, kumi na tano kwa pauni moja, na Mjerumani alipokuja hakuthubutu kuwaletea watu kitu kigeni. Aligonga rupia ileile, akaweka kichwa cha mfalme wake, kwanza ikiwa na sarafu ndogo sitini na nne zilizoitwa pesa, baadaye akaona hesabu hiyo inamchosha akaigawa heller mia. Palikuwa pia na riale ya fedha iliyotoka mbali kaskazini, yenye sura ya malkia mnene, ambayo hata ikigongwa leo huandikwa mwaka uleule wa zamani kwa sababu wafanyabiashara walikataa yenye mwaka mwingine. Hiyo ilimuudhi sana. "Pesa inayodanganya umri wake!" alisema, akairudisha kwenye kopo kwa ncha ya kidole. Lakini aliloliheshimu kuliko yote lilikuwa noti za enzi ile. Noti, alisema, ilikuwa ahadi ya serikali kwamba ukiileta dirishani utapewa dhahabu yake hapohapo. Vita vilipoanza, nchi moja baada ya nyingine zikafunga dirisha. Watu waliambiwa wasubiri, na wengi walisubiri mpaka wakafa.

Siku moja aliniwekea kiganjani kipande cha njano, kizito kuliko nilivyotazamia, chenye taji upande mmoja. Ilikuwa heller ishirini ya Tabora. Wajerumani walipozingirwa vitani, fedha ikawa haifiki kutoka kwao, wakaanza kujigongea wenyewe kwa vyuma vya karakana na maganda ya mizinga. "Hii ni shaba," alisema. Akarudia, kwa kuwa alinijua, "Shaba, umenisikia?" Kisha akanisimulia kwamba hapohapo Tabora waligonga pia rupia kumi na tano ya dhahabu, yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Nikamuuliza kama amewahi kuiona. "Kwenye picha," alijibu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ametamani kitu. "Ningeipata siku moja tu. Niipime, nimrudishie mwenyewe."

Nilifika nyumbani nikaandika, na ile shaba ikagoma kupendeza. Makala ilikuwa imesinyaa. Mtu wa shaba, meza ya mbao, kopo la biskuti, nani atasoma? Nikafuta neno moja nikaweka jingine. Nikaandika kwamba niliifumba kiganjani rupia kumi na tano ya dhahabu na kwamba tembo yule alikuwa bado na joto la mkono wa fundi. Najua sentensi hiyo kwa moyo kwa sababu wasomaji walinipigia simu wakinisomea. Sikuwatajia jina lake wala baraza lake, nikajiona nimemlinda. Lakini mafundi saa waliobaki Arusha mtu anaweza kuwahesabu akiwa anasubiri chai.

Hamhitaji kuambiwa jinsi rupia inavyowachanganya watu katika nchi hii. Tumekua tukisikia habari za mali ya Mjerumani iliyofukiwa, za matajiri wa mbali wanaoinunua kwa mamilioni, za sarafu inayovuta zebaki au inayozuia mchele usiive. Watu wenye akili zao wamechimba chini ya misingi ya makanisa. Kwa hiyo makala yangu ilisafiri kwenye makundi ya simu, na wiki haikuisha kabla hawajatokea wanaume wawili wenye viatu vya kuchongoka kumtaka fundi aseme bei. Aliwaonyesha ile ya shaba. Wakacheka, wakamwambia mzee anajua kucheza. Baada yao wakaja wengine. Mtaani wakamwita Mzee Tembo. Ndugu zake wa mlimani, ambao waliishi naye vizuri miaka yote, wakaanza kumuuliza kwa nini paa la nyumba ya urithi linavuja na yeye amekalia dhahabu.

Alikuja ofisini kwangu, yeye ambaye hakupenda kuondoka mezani pake. Hakunigombeza, na hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili. "Mwandishi, niandikie mstari mmoja tu," alisema. "Andika ilikuwa ya shaba, ulikosea." Nikamwahidi wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika niliandika kuhusu barabara, na iliyofuata kuhusu bei ya mbolea. Alikuja tena baada ya Krismasi, nikamwambia kwa upole wa mtu mwongo kwamba tukirudia habari ile ndiyo tutaiamsha, watu wamekwisha kusahau. Ukweli ni kwamba makala ilikuwa ukutani kwa mhariri. Kukiri kungenigharimu, na mimi sikutaka kulipa. Alinitazama kupitia miwani yake, akasema, "Sawa," akaenda. Hakuniomba tena, na mimi nikaacha kupita barazani kwake.

Mwaka huu figo zake zilishindwa. Madaktari walisema asafishwe damu mara tatu kwa wiki, na gharama yake wengi wenu mnaijua kwa sababu mmeshachangia ndugu zenu. Wakristo wa jumuiya yake walikutana nyumbani kwake Lemara mwezi wa tano, na mkewe akanialika kwa kuwa aliamini mimi ni rafiki. Kulikuwa na chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Mwenyewe alikuwa amelala chumba cha pili, mlango wazi kidogo. Mwenyekiti aliposoma kiasi kinachohitajika, mzee mmoja wa jumuiya alikohoa, akasema kwa heshima kabisa, "Sisi hatukatai. Ila ndugu yetu ana ile rupia ya tembo. Imeandikwa kwenye gazeti. Auze kwanza, sisi tumalizie." Watu wakaitikia chini chini. Mkewe akasema haipo, haijawahi kuwepo. Wakamwangalia kama mnavyojua mwanamke anavyoangaliwa akisema mumewe hana fedha. Mimi nilikuwa kiti cha tatu kutoka mlangoni, kikombe mkononi. Nilikuwa mtu pekee pale ambaye neno lake lingetosha. Nilikunywa chai, nikatoa noti mbili kwenye bahasha, nikaaga mapema kwamba nina makala ya kumaliza.

Kilichochangwa kilitosha wiki chache. Alianza kwenda mara tatu, zikawa mbili, ikawa moja. Siwezi kuapa kwamba angepona, kwani daktari mwenyewe hakuapa. Ninachojua ni kwamba alinyimwa nafasi ya kujaribu, na aliyemnyima si wale wanajumuiya. Wao walisoma gazeti wakaamini, na sisi waandishi tumewafundisha waamini.

Tulimzika kwao mlimani, mvua nyepesi ikinyesha kwenye migomba, kwaya ya usharika ikiimba vizuri kuliko ninavyostahili kusikia. Baada ya chakula ukoo ulikaa kikao, nikaelewa kwa nini niliitwa. Kaka yake marehemu alileta lile kopo la biskuti akalifungua mbele ya wote. Zilikuwemo heller zilizotobolewa katikati, rupia chache za fedha, riale, na ile ya njano. "Mwandishi," kaka yake alisema, "wewe ndiye uliyeishika. Tuambie iko wapi, watoto wasije wakagombana." Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake. Aliniuliza kama anavyoulizwa shahidi.

Nikasimama. Nikasema haipo. Nikasema niliyoishika ni hii, na ni ya shaba, na aliniambia mara mbili kwamba ni shaba, na mimi nikaandika dhahabu ili makala ipendeze. Nikasema alikuja kuniomba nisahihishe nikakataa. Yule mzee wa jumuiya, ambaye naye alikuwa amepanda mlima kuzika, aliinamisha kichwa akajishika uso kwa mikono miwili, na nikaona kwamba nimemtwisha na yeye mzigo ambao hakuutafuta.

Mjane ndiye aliyenijibu. Hakusimama wala hakupandisha sauti. "Baba, siku ile Lemara mlango ulikuwa wazi. Alikusikia umeingia. Akaniambia, afadhali amekuja, sasa atawaambia." Akafunika kopo, akawapa wajukuu waliweke ndani.

Tangu siku hiyo nimeandika mistari hii mara nyingi na kuifuta, nikitafuta namna ambayo ingenifanya nionekane nimetubu vizuri, mpaka nikatambua kwamba huo nao ni ugonjwa uleule. Basi niiandike kama alivyoiomba: sarafu niliyoonyeshwa miaka sita iliyopita ilikuwa ya shaba, mwenyewe aliniambia hivyo, na mimi nilikosea kwa makusudi. Mhariri amenikubalia ichapishwe, na ile ya ukutani ameibandua. Somo nililolipata halihusu waandishi peke yao. Kama kuna mtu amekuomba useme ukweli mmoja mdogo kwa ajili yake, na wewe unangoja wakati utakaokuumiza kidogo zaidi, useme angali anasikia kutoka chumba cha pili.