Nyimbo Alizoruka Baba Mkubwa

Juzi nilikuwa Mabatini kwa fundi simu, nasubiri kioo kibandikwe, ndipo spika ya duka la jirani ikaanza kupiga filimbi ninayoijua. Filimbi, ngoma ndogo mbili, halafu mwanamke anavuta pumzi. Mwili wangu ukajiandaa kwa ukimya. Ukimya haukuja. Yule mwanamke akaimba! Akaimba na kuimba, na mimi nimesimama pale nimekunja sura kama niliyekanyagwa kidole. Maana nyimbo za picha ile ya Kihindi, ile sinema ya mama, ziko saba, na mimi kichwani nimesaliwa na sekunde mbili mbili za mwanzo. Zilizobaki tuliibiwa, na mwizi nilikuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi.

Nawaambia nyinyi, maana nyumbani hili halisemeki. Nilikuwa darasa la tatu. Mama alishona sare za shule wiki nzima, mguu kwenye cherehani, mgongo umepinda kama ndoano ya kuvulia sato. Jumapili baada ya ibada ndiyo ilikuwa yake. Alikuwa na CD ya picha moja ya zamani, aliyoipenda tangu usichana wake kwao Bukoba. Kihindi hakujua hata cha kuombea maji. Lakini wimbo ukianza alitoka jikoni na mwiko mkononi, vidole vinanuka vitunguu, akazunguka katikati ya sebule na khanga begani, anaimba kila neno. Mahali pa vinanda aliimba vinanda.

Halafu akaja baba mkubwa, kaka yake baba, mzee wa kanisa. Nyumba yake ya Buswelu ilikuwa haijaezekwa. "Wiki mbili tu," alisema. Paa likachukua mwaka. Na kwetu mgeni wa heshima hupewa kiti kizuri, paja la kuku, na rimoti. Paja nilimsamehe.

Jumapili ya kwanza, filimbi ilipolia tu, aliinyoosha rimoti kama anakemea pepo, akaipeleka picha mbele mbio bila sauti. Wahindi wakaanza kukimbia kama sisimizi waliomwagiwa maji.

"Nyimbo hazina habari," akasema. "Twende kwenye habari."

"Lakini shemeji, hapo ndipo anapompenda," mama akasema kwa upole, mwiko bado uko hewani.

"Tutamkuta ameshampenda."

Baba akacheka. Mama akarudi jikoni.

Basi picha ile ikawa picha ya vichaa. Binti anamtukana stelingi, shujaa wa picha, getini; ukipepesa jicho, analia kifuani kwake stesheni. Stelingi ni fukara wa kutupwa. Pepesa tena, ana masharubu na gari. Siku moja kikatokea kitoto kichanga, kinene, hakuna aliyekitarajia. Nikauliza, "Jamani, huyu katoka wapi?"

"Katoka kwenye wimbo wa nne," mama akajibu kutoka jikoni.

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Baba mkubwa akanitazama, akauliza mtoto huyu analelewa na nani. Mama hakucheka. Siku hizo alikuwa ameacha kutoka: filimbi ikilia anafika mlangoni, anashika pazia, ukimya unaingia, anageuka. Mimi nilikuwa naliona lile pazia linavyobaki likicheza peke yake, na moyoni nikamchukia yule mzee kwa chuki safi isiyochanganywa na kitu. Nilizifukia betri za rimoti kwenye ndoo ya unga. Baba akanunua nyingine jioni ileile, akamkabidhi kaka yake kwa mikono miwili.

Hatimaye paa likaezekwa. Tulimsindikiza Buswelu na godoro lake, na njia nzima nilibeba ndoo zake kwa furaha ya mtu anayehamisha ugonjwa.

Jumapili iliyofuata mama alivaa khanga yake ya sikukuu. Akaiweka CD mwenyewe, akasimama katikati ya sebule kabla hata ya filimbi. Filimbi ikalia. Ngoma mbili. Pumzi. Na baba, baba yangu mimi, akanyoosha mkono, akachukua rimoti.

"Aah, Mama Shija, hizi nyimbo hazina habari."

Wahindi wakakimbia. Mama hakukaa. Alicheza. Bila sauti, mdomo umefungwa, wimbo wote, nyayo zake tu zikisikika kwenye saruji, macho kwa baba. Kwenye kioo cha televisheni watu walishafika getini wanagombana, yeye anacheza tu. Baba alikuwa anaitazama rimoti kama imeandikwa mtihani. Mwishowe mama alikunja mikono kifuani na kuinamisha kichwa, tukajua wimbo umekwisha.

"Haya, endelea na habari yako," akasema, akaenda kuosha vyombo.

Mimi nilipiga makofi! Nilidhani ameshinda. Imenichukua mpaka kidato cha tatu kuelewa kwamba mama alikuwa anaziaga nyimbo zake. Na kwamba mwaka mzima chuki yangu niliielekeza kwa mzee wa watu, kumbe yeye alikuwa rimoti tu. Mwenye kidole tulikuwa tunamega naye ugali sahani moja.

CD ile mama hakuiweka tena. Wageni wakiuliza mbona siku hizi hachezi, baba hujibu kwa niaba yake: ameikinai.

Ameikinai! Mtu hakinai wimbo ambao hakuachiwa aumalize.