Nilivyojifanya kujua Kitamil mbele ya mama mkwe mtarajiwa, Stockholm

Wakuu, habari za jioni. Hii sijasimuliwa na mtu, yalinikuta mwenyewe, na sehemu zinazonidhalilisha nimeziacha kama zilivyo.

Wanaonifahamu humu wanajua mimi si mtu wa kubahatisha. Nina diploma ya umeme, nimefanya kazi Sweden, nimerudi Dodoma na sasa nina karakana yangu na mafundi wananiita bosi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nasema haya mjue kwamba aliyeaibika siku ile hakuwa mtu wa hovyo.

Stockholm nilikuwa nakaa Hallonbergen. Huko nikampenda binti mmoja, Aline, mzaliwa wa hukohuko, wazazi wake Warundi. Baba alishafariki. Mama yake alikuwa anakaa Tumba, nje kidogo ya jiji, na Aline aliniambia wazi: mama akikataa, hakuna ndoa.

Jumapili moja baada ya ibada nikaitwa nikaonekane. Nikavaa suti.

Nyumbani nilimkuta mama, Aline, na shemeji yake Didier, Mkongo aliyemuoa dada yake Aline. Tulikula ndizi na maharage, tukashiba, kisha mama akataka filamu. Yule mama anapenda filamu za Kihindi tangu yuko Bujumbura. Didier akaweka moja ya Kitamil, mambo ya polisi.

Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiswidi. Mama huwa hawahi kuyasoma, kwa hiyo Aline humsomea kwa Kiswahili.

Hapo nikaona nafasi yangu.

Mliokulia Bongo mnazijua zile filamu za DJ: jamaa anatafsiri juu kwa juu, anawapa wahusika majina ya mtaani, anatia utani hata pasipo na utani. Mimi utotoni nilikuwa nawaiga mpaka mtaa mzima unaniita DJ. Nikasema, "Mama, leo pumzika. Nitakutafsiria mimi."

Aline akanitazama. "Kwani wewe unajua Kitamil?"

"Filamu za Kihindi nimekua nazo. Na hayo maandishi yazime, yanaziba picha."

Wakuu, Kitamil sijui hata salamu. Nilidhani hadithi zao zote ni ileile.

Inspekta mwenye masharubu nikamwita Afande Chuma, nikamfanya shujaa. Alipopokea mfuko kutoka kwa mfanyabiashara, nikasema ni mchango wa harusi ya binti yake. Kijana fundi simu alipokamatwa, nikasema ni jambazi sugu. Mama anacheka mpaka anashika mbavu. Didier anajipiga mapaja: "Mais, huyu beau-frère ni hatari!"

Kuitwa shemeji kabla ya posa! Nikaongeza sauti.

Kisha wakaanza kumpiga yule kijana kituoni. Walimpiga mpaka akanyamaza. Wakambeba, wakamlaza barabarani ili aonekane amegongwa na gari.

"Wanampeleka hospitali," nikasema.

Didier akauliza, "Hospitali ya katikati ya barabara?"

Aline akaninong'oneza, "Sluta nu." Acha sasa. Sikuacha. Nilishaonja sifa.

Akatokea mama mmoja mtu mzima kwenye geti la polisi, ameshika chombo cha chakula. Afande Chuma wangu akakipokea, akaingia ndani, akakaa, akala. Yule mama akabaki nje anasubiri. Mimi nikabana pua, nikatoa sauti ya kike: "Afande, vipi hilo pilau, chumvi imekolea?"

Hakuna aliyecheka.

Mama akachukua rimoti, akasimamisha picha. Hakupandisha sauti.

"Kule Bujumbura askari walimchukua kaka yangu nyumbani. Kila asubuhi nilimpelekea chakula. Wanapokea, wananirudishia sahani tupu, ninafurahi kwamba amekula." Akaweka rimoti mezani. "Kumbe walikuwa wanakula wao. Yeye alishakufa. Kihindi sikijui, mwanangu, lakini huyo mama ninamfahamu."



Akamwambia Aline airudishe filamu mwanzo, aweke maandishi, amsomee. Aline akasoma yote. Nikakaa palepale kwenye kochi na suti yangu, nikisikia kwamba mfuko ulikuwa rushwa, na kijana alikamatwa kwa sababu aliiona ikitolewa. Kila sentensi ya Aline ilikuwa inafuta yangu, na hakuna aliyegeuka kuniangalia. Bora wangenitukana.

Wakati wa kuondoka mama alinifungia ndizi za kwenda nazo. Nikajipa moyo, labda yameisha.

Stesheni ya Tumba ndipo Aline akanieleza. Mama hakukasirishwa na utani. Alimwambia jikoni, "Huyu hakuwa anajua, na akaogopa kusema hajui. Siku nyumba yenu ikipata shida, atakutafsiria hivyohivyo, na wewe utamwamini."

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Nilikuambia uache."

Treni ikaja. Nikapanda peke yangu, yeye akarudi kwa mama yake. Ndoa ikaishia hapo.

Niliporudi nyumbani watu walisema nimerudi kwa kuwa mtaji umetimia. Ni kweli ulitimia. Hili lingine sikumwambia mtu.

Nilichojifunza, wakuu: diploma hainifanyi nijue kilio cha mtu mwingine, na kukaa kimya usipoelewa si aibu. Aibu ni ile niliyoisikia kwenye lile kochi.

Kinachonikosesha amani ni kwamba sikumwomba mama radhi. Nilimshukuru kwa ndizi tu. Bado yupo hai, na namba ninayo. Sitafuti tena ndoa, Aline ana maisha yake. Nataka kumpigia kwa ajili ya yule kaka wa mama, ambaye hata jina lake sikuliuliza.

Wenye wakwe Warundi, na mliowahi kupoteza ndugu kwa namna ile: simu kama hiyo mtu anaianzaje? Nichekeni kwanza, ni haki yenu, lakini mkimaliza mnijibu. Nauliza kwa sababu sijui.