Uji Aliopewa Jeska

Kasilda wa Magarama ukimwambia umeshiba, atakuuliza umeshiba nini. Alikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, akarudi Burundi na sauti ya kuimba kwaya nzima peke yake, na hapa Gitega jumuiya yetu ya parokia ikampa kazi inayomfaa: kulisha wagonjwa wasio na mtu. Hospitalini kwetu mgonjwa hulishwa na murwaza wake, yaani ndugu anayelala chini kando ya kitanda chake na kumfulia. Asiye na murwaza hutazama sahani za wenzake. Kwa hao Kasilda hubeba uji wa mtama, na mimi humfuata na vikombe nikinung'unika.

Siku ile tulimkuta Jeska, mjane kutoka Gashoho, mkoani Muyinga. Alikuwa na uvimbe tumboni, akingoja upasuaji. Nyumbani aliwaacha watoto peke yao, mkubwa wao Upendo, msichana ambaye bado anacheza na wanasesere. Chakula alichowaachia kilikuwa cha siku chache tu.

Kasilda alimmiminia kikombe. Jeska akasema asante, hana njaa. Sasa, kwetu mwenye adabu hapokei chakula mara ya kwanza, wala ya pili. Ukidaka upesi watasema hukulelewa. Mwenye kukaribisha naye analijua hilo, kwa hiyo anabembeleza. Kasilda akabembeleza.

"Mama Upendo, usinionee haya. Hiki ni cha kanisa."

Jeska alitazama mlango, akatazama kikombe, akanywa mpaka chini.

Tulikuwa bado tunaosha vikombe nje tulipomwona nesi Yasmina akisukuma kitanda cha magurudumu. "Niko naenda kumukamata yule wa Gashoho," alituambia. "Dokteri iko anamungoja. Masikini, tangu asubui hajakula, nilimukataza."

Kasilda aliacha maji yakimwagika, akakimbilia wodini. Nilimfuata. Jeska alimdaka mkono kabla hajasema neno.

"Usimwambie nesi. Nilijua. Niliona aibu kukukatalia tena. Daktari huyu akiondoka leo, harudi mpaka wiki ijayo. Wanangu watakula nini?"

"Na ukitapika ukiwa umelazwa kwa dawa ya usingizi? Ukapaliwa, ukafa?"

"Ni uji tu, dada. Mungu atasaidia."

Magurudumu yalishasikika mlangoni. Nilimhurumia Kasilda, maana akinyamaza anaweza kuua mtu, na akisema anawaacha watoto na njaa.

"Nesi," alisema, "nimempa uji mimi. Kikombe kizima, sasa hivi."

Yasmina alisimama. "We mama, unataka kumuua mutu? Mi nitamwambia nini dokteri?"

Kitanda kilirudi kitupu. Jeska akageukia ukuta. Kasilda alimwomba msamaha. Akasema atakwenda mwenyewe Gashoho akae na watoto. Alimsemesha ule mgongo mpaka nikamshika mkono tukatoka.

Kesho yake alipanda gari la Muyinga na unga na maharage aliyokusanya kwa wanajumuiya, na mimi nikaachwa kuwa murwaza wa Jeska. Kila siku Kasilda alipiga simu na swali lake lilikuwa moja: amesema nini? Jeska aligeukia ukuta kila nilipomtaja Kasilda. Nilipomnyooshea simu aliisukuma. Kasilda aliniambia hapati usingizi. Watoto wameanza kumwita shangazi, na mama yao akifa kwenye meza ya upasuaji hajui atawatazama vipi.

Wiki iliyofuata daktari alirudi. Asubuhi ile nililinda kinywa cha Jeska kama mlinzi wa benki, nikamfukuza kila Mkristo mwema aliyefika na bakuli. Walipompeleka, nilikaa nje kwenye benchi na rozari, nikapotea katikati ya mafumbo na kuanza upya, nikapotea tena. Simu ya Gashoho iliita, ikaita. Sikupokea. Ningesema nini? Wagonjwa wengine waliingia na kutoka, na mlango wa Jeska haukufunguliwa. Nilimchukia daktari, nikauchukia uji, nikaichukia hata adabu yetu.

Jioni walimtoa akiwa hai, midomo imekauka. Alipofumbua macho hakuniuliza habari za uvimbe. Alinyoosha kidole kwenye simu. Nikapiga, nikamwekea sikioni.

"Kasilda," alisema kwa shida, "watoto wamekula?"

Upande wa pili, mwanamke mwenye jibu la kila mtu parokiani alikuwa analia kwa sauti, hata wa kitanda cha jirani wakasikia.

"Usilie kwanza," Jeska akamwambia. "Nijibu."