Mi-ryeong Akataa Dawa ya Mizizi

Ok Mi-ryeong, binti wa Ok Jae-sul aliyechimba mfereji wa kijiji chetu cha Gamgol kwa mikono yake, mjukuu wa Bibi Maeng aliyevusha watoto sita mto uliofurika mwaka wa vita, asipoteze hata mmoja. Na yeye mwenyewe, mwaka wa mvua nyingi, persimoni zetu, yale matunda tunayoyamenya na kuyaanika, zilipoanza kuoza kwenye kamba, ndiye aliyetuonyesha kuzikausha kwa feni. Hao ndio watu wake.

Aliolewa na Pyo Gi-hun, fundi wa matrekta. Miaka minne ikapita bila mtoto. Hedhi ilikuja ikitaka, mara miezi mitano kimya. Mwili ukanenepa, vinyweleo vikamwota kidevuni, akawa anaving'oa amejifungia chooni. Hofu yake ilikuwa moja: ukweni wakijua, watamwona mti usiozaa.

Siku moja Gi-hun akamkuta na kibano mkononi. Hakucheka.

"Kumbe ndicho unachonificha? Kesho twende kwa daktari. Na mimi naingia ndani, sikai kwenye benchi."

Daktari akawaambia ovari zina vifuko vidogo vidogo na homoni zimeyumba. Si laana wala uzembe. Wanawake wengi wanao ugonjwa huo, na wengi wao huzaa wakitibiwa. Akampa vidonge, akamwagiza apunguze uzito. Tangu hapo wakala wali wa shayiri wote wawili, na jioni wakatembea ukingoni mwa mfereji, Gi-hun akilalamikia magoti njia nzima.

Sikukuu ya mavuno ikafika. Wanawake wa ukoo wakaketi jikoni kufinyanga songpyeon, vile vikate vya mchele vya umbo la nusu mwezi. Kwetu husemwa anayevifinyanga vizuri atazaa binti mzuri.

"Hebu tazameni vya Mi-ryeong!" akasema Bi Do-sun, shangazi wa Gi-hun. "Vizuri kama vya dukani. Sasa huyo binti anakuja kwa miguu, au bado anangoja basi?"

Wakaangua kicheko. Mama mkwe akamsogezea paketi za dawa ya mizizi. "Kunywa, mwanangu. Ya kushika mimba hii, nimeiagiza mbali."

Mi-ryeong akazitazama paketi. Daktari alikuwa amemkataza kuchanganya vidonge vyake na dawa nyingine. Akinywa, anajidhuru; akikataa, siri imetoka.

Gi-hun, aliyesikia yote kutoka uani, akaingia, akakunja mikono ya shati na kuketi katikati yao.

"Mwanamume jikoni! Makubwa!" shangazi akashangaa.

"Nifundishe, Shangazi. Mtoto si wa mtu mmoja, na vyangu mimi vinatoka kama viazi."

Kisha akamtazama mkewe, akangoja. Hakumsemea.

"Ahsante, Mama, lakini sitakunywa," Mi-ryeong akasema. "Naumwa ovari, natibiwa. Niliwaficha kwa kuwaogopa."

Mama mkwe akazirudisha paketi mfukoni, moja moja.

"Ungeniambia, mwanangu. Miaka yote hii nakusumbua bure."

Shangazi akajitia kutafuta chumvi.

Mi-ryeong akatoka kuosha majani ya msonobari ya kuvukishia vikate. Bombani akafuatwa na Seol-ah, binti wa shangazi yuleyule, miaka kumi na tisa.

"Wifi," akanong'ona, "mimi sijaona siku zangu tangu mwezi wa nne. Nikimwambia mama, atasema nimebeba mimba."

Mi-ryeong akafunga bomba.

"Andika tarehe zote unazokumbuka. Sikukuu ikiisha nitakupeleka kwa daktari. Lakini kumwambia mama yako ni kazi yako, na uifanye leo. Nenda, bado yuko jikoni. Mimi nitasimama mlangoni."