Mchumba Aliyependa Habari za Makaburi

Mara ya kwanza kijana yule alipokula mezani kwangu, alitusimulia habari ya Papa aliyefukuliwa kaburini.

Alikuwa amekuja kwa ajili ya binti yangu wa mwisho. Kwetu huku mlimani mchumba hupanda kwanza peke yake, anakula, anaangaliwa, anarudi kwake. Akionekana anafaa, ndipo wazee wake wanapoleta mbege, pombe yetu ya kienyeji, ya kuomba uchumba. Huyu alikuwa mtoto wa mjini, mzaliwa wa Rau, fundi simu mwenye kibanda karibu na hospitali ya Mawenzi. Alitoa shikamoo yake vizuri, akakaa pale alipoonyeshwa. Mke wangu akaleta mtori wa ndizi. Kijana akala vijiko vichache, akafuta mdomo.

"Baba, unajua kwamba zamani kule Roma walimfukua Papa mmoja, wakamvisha mavazi yake, wakamkalisha kitini wakamshtaki?"

"Akina nani?"

"Papa mwingine aliyekuja baadaye. Wakamweka shemasi asimame kando ya maiti, awe anamjibia. Marehemu akashindwa kesi. Wakamkata vidole vya kubarikia, wakamtupa mtoni."

Mke wangu alikuwa ameshika upawa. "Mwanangu, kula kwanza," alisema. "Huyo hana haraka tena."

Nimekuwa katekista tangu ujana wangu, na namshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Nimefundisha watoto wengi wa parokia yetu, na baadhi yao leo ni mapadre na masista. Habari ile sikuwahi kuisikia. Lakini kwetu baba wa binti habishani na mchumba mezani. Anasikiliza, anaweka moyoni. Nikaweka moyoni kwamba kijana huyu ama analidharau Kanisa, ama ametumwa na wale wanaopita nyumba kwa nyumba wakilisema vibaya.

Alipokuja tena alikuwa na mbili. Ya kwanza ilimhusu mtunzi mkubwa wa muziki wa Misa huko Ulaya. Alipozikwa tu, watu walimhonga mchimba kaburi wakachukua kichwa chake, wapime fuvu waone kipaji kilikaa upande gani. Kichwa na mwili vikakaa mbalimbali kwa zaidi ya karne moja. Ya pili ilimhusu mchekeshaji wa zile filamu za zamani zisizo na sauti. Wezi walichukua jeneza lake, wakampigia simu mjane wakitaka fedha. Mjane akakataa kutoa, na jeneza likaja kukutwa limefukiwa katika shamba la mahindi.

"Na wazee wa hapa, Baba," akauliza baada ya hapo, "wamelala wapi?"

"Humuhumu kihambani," nilimjibu. Nani asiyejua kwamba sisi huzikana kwenye migomba yetu wenyewe?

Baada ya chakula aliomba kwenda kuangalia kahawa. Nilikuwa bandani nampa ng'ombe majani, na kupitia upenyo wa mbao nikamwona amepita kahawa bila kuigusa. Alikwenda hadi mpaka wa juu, penye masale ya zamani, ile mimea yetu ya mipaka na makaburi ambayo mtu haing'oi ovyo. Akachuchumaa. Akageuka kuangalia kama kuna anayemwona. Kisha akaingiza mikono yote miwili kwenye udongo.

Sikuwa tena na wasiwasi wa habari za Papa. Sote tumesikia juu ya watu wanaofukua makaburi na kupeleka mifupa kwa waganga ili biashara zao zikue. Na kibanda cha kijana huyu, nilikuwa nimeambiwa, kilikuwa kinakua.

"Hadithi tatu," nilimwambia mke wangu jioni ile, "na zote maiti zimesumbuliwa."

"Wewe mwenyewe kila Novemba unatupeleka makaburini siku nzima," akasema. "Mbona hatukushuku?"

Hata hivyo nilimwita binti yangu, nikamwambia mbege isije kwanza mpaka nimejiridhisha. Hakulia wala kunijibu kwa ukali. Ningependa angefanya hivyo, maana ningekuwa na la kumkemea.

"Baba, ukimkataa nitakutii," alisema. "Lakini sababu iwe ya kweli. Iwe ya kusemwa mbele ya watu."

Nikaanza na paroko wetu, kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe sala. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka kidogo.

"Ni kweli, Mzee. Ilitokea. Na baadaye wakamrudishia marehemu heshima yake."

"Mbona hatukufundishwa?"

"Wewe ungewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza?"

Nilishuka ngazi za kanisa nikiwa nimepoteza hoja moja, lakini shaka nilikuwa nayo vilevile. Habari kuwa ya kweli haimfanyi anayeisimulia kuwa mtu mwema.

Kutoka pale nikapanda kwa dada yangu, mjane anayekaa juu zaidi yetu. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi na alilelewa na bibi yetu. Nilitaka anishauri namna ya kumkataa mchumba bila kumwaibisha binti. Nilipofika kwenye habari ya Papa akanikatiza.

"Unamshangaa Papa? Babu yetu alifukuliwa na watoto wake mwenyewe."

"Babu gani?"

"Unao wangapi? Ndivyo walivyofanya wakati ule, wewe mtoto wa misheni. Mifupa ikishakauka wanamtoa, fuvu wanaliweka kwenye chungu chini ya masale. Ilikuwa heshima. Baba alipobatizwa hakutaka itajwe tena, ndiyo maana hukuambiwa."

"Chini ya masale yapi?"

"Yale ya mpaka wa juu. Yako wapi mengine?"

Mimi mwenye kihamba sikuwa nikijua, na mtoto wa Rau alikwenda moja kwa moja akachuchumaa palepale.

Nilimwita kijana siku ya kazi, binti akiwa hayupo. Sikumpa hata kiti. Nilimpeleka hadi kwenye masale.

"Ulikuwa unachimba nini hapa?"

"Sikuchimba, Baba. Nilifunika." Alionyesha mahali maji ya mvua yalipokuwa yamekata udongo. "Nilitaka kuyaona masale haya ya mpaka, nikaona mdomo wa chungu umetokeza. Nilipoinama nikaona kuna mtu."

"Ulijuaje kwamba ni mtu?"

"Nimesoma habari za mila zenu. Nikaona nikipiga kelele majirani watajaa hapa. Nikarudishia udongo, nikaweka mawe ili maji yapite kando."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Nikuambie, Baba, nimemwona babu yako?"

Nilimtazama nione kama anacheka. Hakuwa anacheka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Na hizi habari zako za maiti?"

Akaangalia viatu vyake. "Binti yako aliniambia unapenda mambo ya Kanisa la kale, nikatafuta la ajabu kuliko yote. Wewe ukanyamaza, ukawa unanisikiliza tu. Nikajua nimepatia. Nikatafuta mengine ya namna hiyo."

Kumbe ukimya wangu wa baba mwenye binti, yeye wa mjini aliuona ni furaha.

Bado sikumwamini kwa maneno. Mtu anaweza kufunika leo ili arudi siku nyingine. Nikainama kwa taabu nikakagua. Mawe yalikuwa yamepangwa kwa uangalifu kukinga maji. Juu ya udongo alioujaza, majani mabichi yalikuwa yameota na kushikana, wala hapakuwa na alama ya mkono uliorudi. Wiki zilikuwa zimepita, na angetaka angerudi wakati wowote tukiwa kanisani.

Sikukifunua chungu. Nilivua kofia nikawaombea marehemu, sala niliyowafundisha watu maisha yangu yote bila kujua kwamba huyu, asiyebatizwa, alikuwa hapa akiisubiri. Kijana aliitikia mahali panapostahili, kwa sauti ya chini.

Binti yangu aliporudi alinikuta nimekaa uani. Alisimama na mkoba wake bado begani.

"Umepata sababu, Baba?"

"Nimeitafuta, nimeikosa. Mwambie wazee wake wapande." Alikuwa ameshaanza kukimbilia ndani kwa mama yake nilipokumbuka kwamba ni watu wa mjini. "Na uwaambie iwe mbege ya ndizi na ulezi, iliyopikwa na mtu anayejua. Wakileta makreti ya bia nitawarudisha."