Mahindi Ndani, Maharagwe Nje

Harufu ya mkonge uliochakatwa haimtoki mtu puani. Ni harufu ya majani mabichi yanayooza majini, chachu na nzito, na katika shamba tulilokaa sisi, kati ya Ruiru na Thika, iliingia kwenye nguo, kwenye blanketi, hata kwenye uji. Siku moja tu katika utoto wangu wote harufu hiyo ilishindwa, na iliyoishinda ni petroli ya ndege. Nilikuwa na miaka kumi. Hadi leo nikisimama karibu na kituo cha petroli mimi hufunika pua kwa leso, na wajukuu wangu hucheka, wakidhani ni ushamba wa bibi kizee. Sijawahi kuwaeleza, na kosa ni langu, kwa hiyo acha nieleze sasa kabla sijaenda nayo kaburini.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati Mkikuyu hakuweza hata kuvuka mto bila pasi. Mama alikuwa amevuka Chania kwenda kujifungua kwao, upande wa Murang'a, na aliniachia ungo wake na chungu chake akisema atarudi mwezi ukiisha. Mwezi haukuisha. Watu wa kule walifukuzwa makwao, nyumba zikachomwa, wakarundikwa katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki lililojaa miti yenye ncha, na Mama akafungiwa humo na mtoto mchanga. Mtoto alikuwa wa kiume, basi kwa desturi yetu akapewa jina la babu yangu, baba yake Baba. Baba hakuwa amemwona hata mara moja. Tulimjua kwa habari za kuokoteza: ameota meno mawili, anacheka na kila mtu, ana masikio ya Baba. Kumtoa Mama mle kulihitaji barua moja tu, yenye sahihi ya mwajiri wa Baba na muhuri wa afisa wa wilaya, ambaye sote tulimwita Bwana Shauri.

Mwajiri alikuwa mwenye shamba, Mzungu ambaye wafanyakazi walimpa jina la Bwana Kofia kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona utosi wake. Alikuwa na ndege ndogo ya manjano na uwanja wa nyasi alioufyeka katikati ya mkonge. Mwaka huo akapata wazo la kuwaalika Wazungu wenzake wenye ndege, wa mashambani na wa Nairobi, waje wote siku moja washindane kurukaruka angani huku wake zao wakinywa chai. Shida ilikuwa namna ya kuwashusha. Uwanja ulikuwa mmoja. Ndege nyingine zilikuwa kuukuu, za mabawa ya vitambaa, moja juu na moja chini, zikija taratibu hata ungeweza kuhesabu vishikizo vya koti la rubani. Nyingine zilikuwa za injini mbili, zikitokea na kupotea kabla hujamaliza kunyoosha kidole. Ya kasi ikiipata ya polepole karibu na ardhi, rubani wa juu haoni kilicho chini ya pua yake, na yule wa chini amefunikwa na bawa lake mwenyewe. Wala hawakuwa na redio za kusemezana.

Sasa, Baba alikuwa msimamizi wa foleni kwenye kiwanda cha shamba. Magari ya ng'ombe na matrekta yote yalileta mkonge kwenye mlango mmoja, na kabla ya Baba kupewa kazi hiyo, trekta lilikuwa limevunja miguu ya ng'ombe zaidi ya mara moja. Yeye aliyapa magari ya ng'ombe njia fupi ya ndani, matrekta akayazungusha mbali, na hakuna trekta lililoruhusiwa kukunja kona ya mwisho mpaka gari la ng'ombe lililo mbele lipite mlangoni. Bwana Kofia alisimama akatazama jambo hilo asubuhi nzima, mikono mfukoni. Kisha akamwita Baba kando. Jioni ile Baba alirudi nyumbani anacheka peke yake, akateremsha ungo wa Mama, akaomba mahindi na maharagwe.

Aliniita mama siku zote, kwa sababu nina jina la mama yake. "Mama, kaa hapa," akaniambia. "Mahindi ni ndege za polepole. Maharagwe ni za kasi. Mahindi ndani, maharagwe nje." Mahindi yalizunguka karibu, juu ya bomba la moshi la kiwanda. Maharagwe yalikwenda mbali hadi kwenye maporomoko ya Chania, pale penye hoteli ya Wazungu, na hakuna harage lililoruhusiwa kutoka kwenye maporomoko mpaka hindi la mbele ligeuke kwenye bomba. Tulisukuma punje hizo siku nne. Nikamwuliza, harage likikataa kuzunguka je? Akanionyesha bendera mbili alizopewa na Bwana. Nyeupe ni karibu utue, nyekundu ni rudi juu ukazunguke upya. "Likikataa, litaona nyekundu mpaka lishike adabu," akasema, nami nikacheka sana.

Bwana Kofia aliupiga mpango huo chapa na kuutuma kwa wageni wote kwa jina lake. Haya, hilo tulilizoea. Lakini alimwahidi Baba kitu. Siku ya ndege ikipita salama, bila aibu, ataweka sahihi kwenye barua ya Mama, na kwa bahati Bwana Shauri mwenyewe alikuwa mgeni wa siku hiyo, hivyo muhuri ungepigwa hapo hapo, mezani, kabla ya jua kutua. Barua tuliiona kwa macho yetu, imeandikwa tayari, Bwana ameiingiza kwenye mfuko wa koti. Kisha akamwambia Baba kwa kile Kiswahili chao cha kutuvunja moyo: "Wewe hapana fikiri. Wewe natazama mkono yangu. Mimi nainua mkono, wewe nainua nyeupe." Baba akasema ndiyo Bwana.

Siku yenyewe tuliketishwa kwenye nyasi, wafanyakazi na watoto, tupige makofi tukiambiwa. Ngai, zilikuja! Za rangi ya samawati, za kijani, moja nyekundu kama pilipili. Nami pekee katika umati ule nilijua siri yake, kwamba niliwahi kuzisukuma zote kwa kidole. Hindi linageuka kwenye bomba, harage linatoka kwenye maporomoko, hindi linagusa nyasi na kutoka njiani, harage linatua. Baba alisimama ukingoni mwa uwanja amenyooka, shati jeupe aliloliazima, macho kwenye mkono wa Bwana. Hakuna hata moja iliyokosea. Niliketi nikimpikia Mama chakula kichwani, nikijiuliza kama yule mtoto atakubali nimbebe mgongoni.

Wa karibu na mwisho alikuwa mzee mmoja wa Kizungu kutoka upande wa Makuyu, mwenye ndege kuukuu kuliko zote, ambaye husafiri na mbwa wake na mbwa hutoa kichwa nje. Alikuwa ameshageuka kwenye bomba, anashuka polepole, masikio ya mbwa yanapepea, watoto wanacheka. Hapo tukasikia mngurumo. Ndege ya rangi ya fedha ya injini mbili, iliyomleta Bwana Shauri, ilitokea upande wa Ruiru moja kwa moja. Haikwenda kwenye maporomoko. Nani angemzungusha afisa wa serikali? Ilikuja nyuma ya mzee, juu yake kidogo, imenyooka. Bwana Kofia aliiona, akavuta kofia yake sawasawa, akainua mkono. Mgeni mkubwa hangojeshwi.

Nilimwona Baba akiutazama ule mkono. Nilimwona akitazama juu. Alijua aliyemo ndani ya ndege ile, alijua muhuri uko kwenye mkoba wa nani, na barua iko mfuko gani. Basi akaitupa nyeupe chini na kukimbia katikati ya uwanja na nyekundu, akiipunga kwa mikono miwili, akipiga kelele ambazo hakuna rubani angeweza kuzisikia. Ndege ya fedha ilinguruma, ikainua pua, ikapinda kwa nguvu juu ya vichwa vyetu hata nyasi zikalala. Mzee alitua salama chini yake. Sidhani alijua kulikuwa na kitu juu ya kichwa chake. Mbwa aliruka nje akaenda kukojoa kwenye mkonge.

Ile ya fedha ikazunguka maporomoko kama ilivyopaswa, ikarudi, ikatua. Mlango ukafunguka na Bwana Shauri akateremka na sare yake nyeupe, na kifua chote cha sare kimejaa matapishi. Mwanamke mmoja wa Kizungu alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka tu, ikamtoka, halafu wengine wakafuata. Bwana Shauri hakumtazama yeyote kati yao. Alimtazama mtu aliyeshika nyekundu.

Mengine alitusimulia mpishi, aliyekuwa akipeleka chai ndani. Bwana Shauri aliuliza yule ni nani. Bwana Kofia hakusema ni mtu aliyeokoa ndege mbili. Alisema ni boi wake, kichwa chake kizito kidogo, hakutazama mkono. Na jambo ambalo halikutokea utalionyesha wapi? Kama zingegongana, wote wangeona. Hazikugongana, basi kilichobaki kuonekana ni matapishi. Barua ikatolewa mfukoni, Bwana Shauri akasoma jina, akaikunja mara mbili na kuirudisha bila muhuri. Jioni Bwana Kofia alikuja kwa Baba pale kiwandani, hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Wewe nafikiri," alimwambia, akitikisa kichwa. "Mimi nasema hapana fikiri."

Mvua za masika zilizofuata, surua iliingia katika kile kijiji cha Mama. Habari zilitufikia kwa dereva wa lori, ambaye alimwita Baba kando na kuvua kofia. Baba alimaliza zamu yake. Aliyapitisha magari ya ng'ombe yote yaliyobaki, ndani, kisha matrekta, nje, halafu akaenda nyuma ya kiwanda akalia kwa sauti, mtu mzima, na harufu ile ya mkonge imetuzunguka. Mama alirudi baada ya miaka miwili, pasi zilipolegezwa, amebeba kikapu na hakuna kitu mgongoni. Alisimuliwa yote. Akauliza jambo moja tu: "Walikuwa wangapi kwenye zile ndege?" Baba akasema mmoja na mbwa wake mbele, watatu nyuma. Mama akahesabu kwa vidole. "Wanne na mbwa," akasema, "kwa wetu mmoja." Akaosha ungo, akapepeta mahindi, na jambo hilo halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Shamba lile leo ni mji. Uwanja umejaa majumba ya kupangisha, karibu na Witeithie, na hakuna anayejua kwamba nguo zinaanikwa pale mbwa alipokojoa. Mwaka jana mwanangu alinipandisha ndege kwenda Kisumu. Tulipokaribia kutua, injini zikanguruma tukapaa tena, na rubani akatueleza kwa upole kwamba ndege ndogo iliyo mbele yetu bado haijatoka njiani, tuvumilie dakika chache. Kijana wa pembeni yangu alisonya kwa kuchelewa. Mwanamke wa nyuma alitapika kwenye mfuko, akapewa maji, akasema asante. Tukatua. Hakuna aliyeuliza jina la mtu aliyetuzungusha, hakuna aliyefukuzwa wala kufungiwa mtoto wake nyuma ya handaki. Nililia mpaka mhudumu akanishika mkono akidhani ninaogopa.

Watu wa kanisani nikiwagusia habari hii huniambia baba yako alikuwa shujaa. Najua. Alifanya lililo sawa, na ningetaka niseme ningefanya hivyo hivyo. Lakini mimi ndiye niliyeandaa mgongo wa kumbeba yule mtoto, na nimekuwa Mkristo miaka yote hii bila kushinda jambo moja. Kila nikirudi pale uwanjani kichwani mwangu, ndege ya fedha inakuja, mkono wa Bwana uko juu, bendera zote mbili ziko mikononi mwangu, nami nainua nyeupe.