Mtani Wangu Hajibu

Watalii wanaoshukia Mikumi kula chakula cha mchana, wakitoka kuangalia tembo, wakiiona saksafoni yangu huuliza kama tunapiga jazi. Huwa nawajibu ndiyo. Nilipoanza kazi hii kila bendi ya dansi ilijiita jazi, hata ile iliyokuwa na magitaa mawili na ngoma ya kuazima, na hakuna aliyemuuliza mwenzake maana yake. Jazi yenyewe, ile ya Wamarekani, nimeanza kuisikiliza ukubwani, binti yangu aliponiwekea kwenye simu. Mwanzoni niliona kelele tu. Kisha siku moja, nikipalilia mahindi huku simu iko mfukoni, nikamsikia mpiga saksafoni akianza kusema jambo zuri kabisa, akalikata katikati kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu akalimalizia mahali ambapo sikutegemea hata kidogo. Nikacheka peke yangu shambani. Jirani akaja mpakani kuniuliza kama mimi ni mzima.

Tangu hapo nimeamini kwamba jazi na utani ni kitu kimoja. Msikilizaji anadhani anajua unakokwenda, unamwacha aamini, kisha unakata kona. Ukikata mapema, bado hajakufuata, ukichelewa, amekwishachoka. Wapo wanamuziki hodari sana wasiolijua jambo hili. Vidole vinakimbia, jasho linawatoka, na hakuna hata mtu mmoja anayetabasamu. Hao siwawezi. Muziki usiojua kucheka unanichosha kuliko hotuba ya mgeni rasmi.

Kupuliza nilijifunza shule ya misheni kule milimani, kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisa, ambako kucheka lilikuwa kosa la kuitiwa mzazi. Aliyenifundisha kucheka ni mpiga gitaa la solo wa bendi yetu. Babu yake aliletwa Kilosa kukata mkonge, mimi ni mtu wa milimani, na makabila yetu ni watani tangu enzi na enzi, kwa hiyo siku tuliyokutana tulitukanana kabla ya kupeana mikono. Aliitazama saksafoni yangu akasema, "Nyie watu wa mlimani, hata bomba la maji mnalipuliza?" Nikamwambia afadhali bomba la maji kuliko huo ubao wa kukatia nyama alioukumbatia. Urafiki ulianza hapo.

Utani huo tukauhamishia jukwaani. Kwenye harusi moja mjini Kilosa mshereheshaji aliongea mpaka pilau likapoa. Nikapuliza, taratibu, ule mlio wa simu inayoishiwa chaji. Papo hapo mtani wangu akajibu kwa gitaa: mlio wa simu inayozimika kabisa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mshereheshaji mwenyewe akainua mikono juu, akakaa. Hatukuwa tumepanga. Mzaha wa muziki unataka watu wawili, mmoja arushe na mwingine adake. Ukirusha peke yako, watu wanadhani umekosea noti.

Sasa mwaka huu, masika yalipoanza, mtani wangu akaacha kudaka.

Tunapiga kila Jumapili alasiri pale Mikumi, kwenye mgahawa wa kando ya barabara ya Iringa. Nilikuwa narusha, yeye anaendelea na gitaa lake, macho kayakaza kwenye vidole vyangu. Nikafikiri amechoka. Jumapili iliyofuata nikafikiri anaumwa. Baadaye nikaamua amenuna. Nikajikagua. Kwenye sherehe ya kumuaga binti yake nilikuwa nimemwambia bwana harusi kwamba mahari ingepunguzwa, kwa kuwa baba mkwe anakuja na gitaa lake. Lakini huo ni utani wa kawaida kabisa, na mtani haruhusiwi kununa. Hiyo ndiyo sheria yenyewe. Basi na mimi nikanuna kwa sababu yeye amenuna, na Jumapili kadhaa tukapiga kama watu wawili waliopangishwa chumba kimoja kwa bahati mbaya.

Wakati huohuo meneja wa mgahawa alikuwa ameanza kusema kwamba watu watano ni wengi, kwamba siku hizi kinanda kimoja kinafanya kazi ya gitaa na zaidi. Nilijua atakayeondolewa ni nani. Nikaona nimfuate mtani wangu kwake Ruaha tuyamalize, maana tukigawanyika sasa yeye ndiye atakayeumia.

Nyumba yake imezungukwa na miwa. Mkewe alinipokea mlangoni. "Karibu shemeji. Yuko uani, ila piga hodi kwa nguvu."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kanipa mgongo, ananoa panga. Nikapiga hodi. Nikaita, "Mtani!" Nikamtupia tusi la utani kuhusu babu yake na mkonge, tusi ambalo hakuna mtu wa kwao angeliacha lipite. Panga likaendelea kunolewa. Kivuli changu kilipoangukia mikono yake ndipo aliporuka kama aliyemwagiwa maji.

Nilimuuliza nimemkosea nini. Aliitazama midomo yangu mpaka nikamaliza.

"Hujanikosea kitu. Saksafoni yako siisikii."

"Huisikii vipi?"

"Besi naisikia. Ngoma naisikia miguuni. Wewe nakuona mashavu tu yamevimba."

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na yeye akacheka. Kisha akaacha. "Usimwambie mtu, mtani wangu. Wakijua, nimekwisha."

Akanieleza polepole. Mkewe alimpeleka Morogoro, wakaambiwa masikio yamechakaa kwa miaka ya kusimama kando ya spika, na hayatarudi. Alijaribu kifaa cha kusaidia kusikia, bendi nzima ikawa kama masufuria yanayooshwa. Tangu masika alikuwa anapiga kwa kutazama vidole vyangu na mguu wa mpiga besi. Na hakuwa amekosea hata wimbo mmoja. Nililia kwenye gari la kurudi Mikumi, nikamwambia konda ni vumbi.

Jumapili iliyofuata nilikusudia kupiga kama kanisani. Nilipania kutorusha chochote. Lakini katikati ya wimbo wa tatu, vidole vyangu, kwa mazoea yao ya kijinga, vikamtoa jogoo mchanga anayejifunza kuwika, sauti ikamkatikia mwishoni. Nikajuta kabla sijamaliza. Mpiga ngoma na mpiga besi, ambao nao walikuwa wamechoshwa na ule ukimya, wakageuka wote kulitazama gitaa. Meneja alikuwa amesimama kaunta, kafumbata mikono.

Mtani wangu akaziona nyuso zao. Akajua kuna kitu kimerushwa. Akazuia nyuzi, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akainama kuelekea kwangu, kisha akapiga noti mbili zinazopanda: eeh?

Watu wakacheka. Nikamrudia jogoo. Akainama zaidi: eeh? Nikampuliza jogoo kwa nguvu zangu zote, shingo imenisimama mishipa. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamgeukia mpiga besi kama anayeuliza, huyu mzee anasema nini? Madereva wa malori walipiga meza. Mhudumu mmoja aliweka sinia chini apate kucheka vizuri. Watalii walikuwa wanafuta machozi, na meneja alicheka kuliko wote. Mimi peke yangu pale ndiye niliyejua kwamba haigizi.

Meneja alitufuata baada ya onyesho. "Wazee wangu, hiyo komedi muiweke kila wiki." Habari ya kinanda sijaisikia tena.

Basi tunaiweka kila wiki, na watu wengine wanatoka Kilosa kuja kuiona. Wanapoondoka, wakati tunakunja nyaya, mtani wangu huja karibu, ananitazama mdomoni. "Leo ulinirushia nini?" Namwambia: mbuzi aliyefungiwa nje wakati wa mvua. Au: bibi harusi aliyepiga chafya kanisani. Anafikiri kidogo, kisha anacheka mpaka mabega yanatikisika. Halafu analichukua gitaa, likiwa halijachomekwa popote, analiinamia, na kunipigia jibu ambalo angenipa. Ni jibu zuri kila mara. Wateja wamekwishaondoka, na yeye mwenyewe halisikii, kwa hiyo nalisikia mimi tu.